Haki kwenye karatasi: nakala 50 au mabango yasiyo na idadi?

Tarehe 14 Juni 1985, makomando wa utawala wa makaburu walivuka mpaka wakaingia Gaborone, Botswana, wakaua watu 12. Mmoja wao alikuwa Thami Mnyele, msanii wa Medu, kikundi cha wasanii wa Gaborone waliopinga ubaguzi wa rangi Afrika Kusini. Michoro yake ilibebwa, kisha ikaonyeshwa kwenye televisheni ya Afrika Kusini kama ushahidi wa ugaidi.

Nikikumbuka kisa hicho, hurudi kwenye swali linalowagawa wasanii wa chapa hadi leo: picha inayotetea haki za binadamu ichapwe nakala chache zenye namba na saini, au ichapwe kama bango, bila kikomo?

Medu walichagua bango. Bango huchapwa hivi: kitambaa chembamba hukazwa kwenye fremu, sehemu zisizotakiwa huzibwa, wino husukumwa upite palipo wazi. Karatasi moja ikitoka, nyingine inaingia. Mwaka 1981 Judy Seidman alilichora hivyo bango la wanawake walioandamana Pretoria mwaka 1956, wale waliomwambia mtawala kwamba akiwagusa wanawake amegonga mwamba. Mabango ya Medu yalivushwa mpaka kwa siri, na serikali ikayapiga marufuku.

John Muafangejo wa Namibia alishika njia nyingine. Alisomea Rorke's Drift, shule ya sanaa ya Afrika Kusini, akachonga picha kwenye lino (linoleamu, zulia gumu la sakafuni), akaipaka wino na kuchapa nakala zenye idadi maalumu, huku maneno akiyachonga ndani ya picha yenyewe. Kazi hiyo ilimlisha. Tena picha zake hazikupigii kelele: unasimama, unasoma, huzuni na matumaini ya watu waliotawaliwa vinakuingia taratibu. Bango haliwezi hilo, kwa kuwa lazima lieleweke na mtu anayepita mbio. Isitoshe, bango hufa upesi. Lisipochanwa na polisi, litalowa mvua. Ya Medu yaliyobaki yamebaki kwa sababu kuna watu waliyahifadhi, na mwaka 2019 yalitundikwa katika maonyesho ya Art Institute of Chicago.

Hoja hizo nazikubali. Ninaloshindwa kulimeza ni desturi ya soko ya kulikwaruza bamba, yaani lile lililochongwa picha ya kuchapia, baada ya nakala ya mwisho, lisichapwe tena. Kwa picha ya maua sina neno. Lakini picha inayosema hakuna mtu wa kuteswa, tuifanye adimu kwa makusudi ili bei ipande? Msanii ale jasho lake, auze nakala zenye saini kwa anayeweza kuzinunua. Baada ya hapo bamba liachwe zima, shule au chama cha wafanyakazi wakilihitaji wachape kwenye karatasi ya kawaida.

Medu walikwenda mbali zaidi: walibuni vifaa vya kuchapia vinavyoenea ndani ya sanduku la safari, ili waliokuwa ndani ya Afrika Kusini wajichapie wenyewe.