Jina la mwavuli linatuponza

Juma lililopita kijana mmoja wa Ukunda alinitumia picha kwa WhatsApp. Begi zima la kurukia kutoka kwenye ndege, jeusi lenye mistari ya rangi ya chungwa, mwavuli mkuu (parachuti yenyewe) ndani, wa akiba ndani, bei ya kutupa. Chini kaandika: "Kaka, hii si ya kuachia. Niambie haraka, kuna mwingine anaitolea macho." Nikaikuza picha nikasoma ukubwa wa mwavuli mkuu: futi za mraba 135.

Nikamwuliza ameruka mara ngapi. Sitini na mbili. Uzito? "78, bila begi." Nikachukua bahasha ya bili ya stima iliyokuwa mezani nikapiga hesabu nyuma yake. Ukimvisha begi, kofia na viatu anafika kama kilo 89, yaani ratili 196. (Mchezo huu unahesabiwa kwa ratili na futi, tumeshazoea.) Gawanya 196 kwa 135, unapata 1.45. Hiyo namba ndiyo mzigo wa mwavuli, na ukitaka kujua mtu atatua vipi, ianzie hapo kabla hujauliza rangi.

Walimu wengi wana kanuni nyepesi: anza na 1.0, kisha ongeza 0.1 kwa kila miruko mia moja. Kijana wangu kwa miruko 62 anastahili 1.06 hivi, maana yake mwavuli wa 190. Mzigo wa 1.45 ni wa mtu mwenye miruko 450, tena aliyejifunza kitu katika hiyo 450, si aliyerudia mruko mmoja mara 450.

Nikamjibu: usinunue. Akanitumia kikatuni cha kulia. Basi nimeona niandike hapa kwa kirefu, kwa sababu si yeye peke yake, na miaka michache nyuma nilikuwa yeye.

Nadhani taabu yetu sisi Waswahili inaanzia kwenye jina. Tunasema mwavuli. Tunasema askari wa miavuli. Ukisikia mwavuli unaona kitu cha duara kinachokushusha taratibu kama kifuu kinachoelea, na kadiri kilivyo kidogo ndivyo utakavyoshuka upesi kidogo, basi. Miavuli ya askari wa Vita Kuu ya Pili ilikuwa hivyo kweli. Lakini tangu Domina Jalbert, mzaliwa wa Kanada aliyefanya kazi zake Marekani, alipobuni ule wa vyumba vinavyojazwa upepo katika miaka ya 1960, tunachokiita mwavuli ni bawa. Vitambaa viwili, juu na chini, vimeshonewa kuta katikati, mdomo wazi mbele. Upepo ukiingia, kitambaa kinakuwa kigumu na kinaruka. Hata mwavuli wa mwanafunzi unakwenda mbele kilomita thelathini na kitu kwa saa, na wewe unaning'inia chini yake kama ndoo kwenye kamba ya kisima.

Hiyo ndoo ndiyo ya kuifikiria. Ukivuta usukani wa kulia, bawa linalala kulia na kupiga mbizi, wewe unarushwa nje. Mpaka lirudi juu ya kichwa chako, unashuka kwa kasi ambayo hukuizoea, na kuvuta usukani wa pande zote mbili kwa pamoja, ambao ndio breki, hakutakuokoa kama ardhi imefika kwanza. Mwavuli mdogo una kamba fupi, kwa hiyo kila kitu kinatokea upesi zaidi, na unapoteza urefu mwingi kabla hujajua umekosea nini. Kutoka 1.03, yaani kijana huyohuyo kwenye 190, hadi 1.45, mwendo unaongezeka kama asilimia 19. Ukiishia hapo utasema si neno. Ila nguvu unayogonga nayo ardhi inaongezeka asilimia 40, na mifupa inahesabu hiyo ya pili.

Watu wa nje ya mchezo huniuliza swali moja tu: usipofunguka je? Lipo, ndiyo, lakini limepungua sana. Tangu 1991 kipo kidude kinachoitwa Cypres, na wenzake waliofuata, ambacho kikikuta unaanguka kwa kasi karibu na ardhi kinaukata chenyewe uzi unaofunga mwavuli wa akiba, ukafunguka. Mwaka 2023 chama cha warukaji cha Marekani, USPA, kilihesabu vifo 10 katika miruko kama milioni 3.65, kiwango cha vifo kwa mruko kidogo kuliko vyote walivyowahi kuandika hadi wakati huo. Tatizo lililobaki, na linalonikera, ni watu wanaoumia chini ya mwavuli uliofunguka vizuri, usio na kasoro, kwa sababu wamegeuka karibu na ardhi. Na hesabu ya vifo haisemi chochote kuhusu nyonga, vifundo na migongo.

Yangu ilikuwa kifundo cha mguu wa kushoto. Mruko wa 143, uwanja mmoja wa nyanda za juu Afrika Kusini, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, saa saba mchana, jua kali. Nilikuwa nimeshuka kutoka 170 hadi 150 wiki mbili kabla, mzigo 1.28. Hakuna aliyenilazimisha. Waliokuwa wakiniuzia walisema uko vizuri, mimi nikasikia nilichotaka kusikia.

Hewa ya juu ni nyepesi. Mita 1,500 na joto lile, bawa lilelile linakwenda mbio zaidi ya lilivyokwenda Diani, na vipimo vya begi havikwambii. Mtu aliyejifunzia pwani jicho lake limezoea majani yakija kwa mwendo fulani. Kule yalikuja kama yamesukumwa. Nikiwa kwenye mstari wa mwisho, mrukaji mwingine akatokea kushoto chini yangu, na mbele kulikuwa na gari la kubeba watu limeegeshwa pasipo pake. Labda mita 20 kutoka chini. Mkono wa kulia ukavuta. Nasema mkono, kwa sababu mimi sikuamua.

Nakumbuka kivuli changu kikinijia kwa ubavu. Nakumbuka nikivuta vyote viwili na kuona kitambaa bado kiko upande, hakijarudi juu. Kisha mlio, kama mtu amekanyaga kifuu kikavu, halafu vumbi mdomoni lenye ladha ya chuma. Gari lilikuwa mbali, sikulifikia hata. Yule mrukaji alishatua salama na alikuwa amenipa mgongo, anakusanya kamba zake. Nilikuwa nimekwepa hewa tupu.

Bamba moja, skrubu sita, P.O.P. wiki nyingi, na mama yangu akiniuliza kila siku kwenye simu kama hapa duniani pamekwisha mahali pa kutembea.

Nilichopaswa kufanya nilifundishwa kabla hata ya leseni ya A, inayohitaji miruko 25. Karibu na ardhi, la kwanza bawa liwe sawa. La pili uwe na nafasi mbele. La tatu vuta breki. La nne miguu pamoja, jiviringishe kama askari. Upepo unatoka wapi? Huo ni wa mwisho kabisa. Kutua upepo ukiwa ubavuni, hata mgongoni, utachubuka magoti na utachekwa. Na ukilazimika kugeuka chini, unageuka kwa breki: shusha zote mbili nusu, kisha ongeza kidogo upande mmoja, bawa ligeuke likiwa bado bapa. Nilikuwa nimelifanya hilo juu, mara mbili tatu, ili kuonyesha kwamba nimelifanya. Mwili haukulijua.

Kwa hiyo kipimo changu siku hizi kwa anayetaka mwavuli mdogo ni hiki: unaoruka nao sasa, umeumaliza? Unaweza kugeuka digrii 90 kwa breki, bapa, ukiwa chini kabisa, bila kufikiri? Umetua siku isiyo na upepo hata chembe, wakati mwavuli unakimbia kuliko siku zote? Umetua kwa kutumia mikanda ya nyuma ya mabegani tu, ile inayoshika kamba, kana kwamba usukani umekatika? Unatua ndani ya duara la mita kumi kila mara, au unatua popote halafu unasema ndipo ulipokusudia? Anayejibu ndiyo kwa yote hayo huwa hana haraka ya kuubadilisha, nimeliona hilo mara nyingi.

Wapo wanaosema namba hazina maana, kinachohesabika ni kipaji. Ufaransa shirikisho lao lina jedwali: uzito wako, miruko yako, ukubwa usioruhusiwa kushuka chini yake. Marekani hawana jedwali la lazima namna hiyo, ila tangu 2012 hupati leseni ya B bila mafunzo ya kuendesha mwavuli. Mimi naegemea jedwali. Kila niliyemsikia akisema yeye si wa jedwali alikuwa na miruko kati ya 80 na 250, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Lakini jedwali nalo lisomwe kwa akili, hasa kwa watu wepesi. Chukua dada wa kilo 52. Na begi anakuwa kama ratili 137, basi kwa mzigo wa 1.0 utampa 135, mwavuli uleule niliomkataza kijana wa kilo 78! Kwenye karatasi yuko salama kama mwanafunzi yeyote. Hewani ana bawa dogo lenye kamba fupi, linalogeuka kwa hasira. Mtu mwepesi anahitaji kuanza chini ya 1.0 na kupanda polepole kuliko sisi wazito, na asitishwe na wanaume wanaomwambia kwamba mwavuli mkubwa utampeleka Lamu.

Hoja hiyo ya kupelekwa Lamu ndiyo inayovuma sana pwani. Kusi likikaza, Juni na Julai, mwavuli mkubwa unasimama hewani, wakati mwingine unarudi nyuma. Basi mtu anataka mdogo ili usonge mbele. Nahodha gani alinunua jahazi jipya kwa sababu ya kusi? Anapunguza tanga au anakaa bandarini anakunywa kahawa. Upepo unaokurudisha nyuma kwenye 190 ndio unaovunjika nyuma ya minazi na kukuangusha kwenye 135. Mnazi wa mita 20 unaweza kuchafua hewa mita 200 na zaidi upande unaokwenda upepo, na hewa chafu haionekani. Ongeza maji yakijaa, ufuko unabaki utepe mwembamba, na watu wamekaa juu yake na watoto wao. Siku hiyo kaa chini. Mimi hukaa, nakula mihogo ya kukaanga, natazama.

Niwe mkweli upande wa pili: mkubwa mno nao ni balaa. Mtu aliyepakiwa 0.7 kwenye upepo wa msukosuko anarushwa kama mfuko wa plastiki, na breki zake za kutua zinakuwa butu kwa sababu hana mwendo wa kuzipa nguvu. Simwambii mtu aruke na hema.

Sasa begi lenyewe la mtumba, maana sote tunanunua mtumba, jipya ni bei ya Probox. Begi halipokei kila ukubwa. Lililoshonewa 135 halitaingia 190 hata ulikanyage, kwa hiyo kijana asingenunua mwavuli tu, angekuwa amejifungia mlango wa kurudi. Na mle ndani kuna wa akiba, ambao kwa kawaida unalingana na mkuu. Huo ndio utakaotua nao siku mbaya: umechanganyikiwa, pengine umepoteza fahamu, pengine juu ya mashamba ya mikorosho. Muuzaji anaonyesha picha kumi za mwavuli mkuu, ukubwa wa akiba unausoma kwenye herufi ndogo kama umebahatika.

Uliza kamba zimebadilishwa lini. Aina fulani za kamba nyembamba hunywea kwa joto la msuguano, za usukani kuliko zote, na mwavuli unaanza kuruka ukiwa umevutwa breki kidogo siku zote. Ukija kutua, breki zimeshatumika nusu.

Jana kijana alinipigia. Amekubaliwa kuazima 190 hadi mwisho wa msimu wa kaskazi, analipa kwa kukunja miavuli ya wenzake. Ametuma na video: anakuja sawasawa, anavuta breki mapema kidogo, anasimama hewani kama kuku anayeruka ukuta, anaangukia magoti mchangani. Nyuma ya kamera kuna mtu anacheka hadi picha inatikisika. Lile tangazo nimelikuta bado lipo. Wamepunguza bei tena.