Kwa Alice

Kazi yangu ya kwanza nilipofika Massachusetts ilikuwa kuosha vyombo kwenye jiko la nyumba ya wazee. Siku ya Thanksgiving, ile Alhamisi ya nne ya Novemba ambayo Marekani nzima hula bata mzinga, nilipangiwa zamu, kama wanavyopangiwa wageni wote kwenye sikukuu za wenyeji. Saa sita mchana mikono yangu ilikuwa imezama kwenye sinia lenye mafuta yaliyoganda. Mpishi mkuu, mzee wa Puerto Rico, akaongeza sauti ya redio na kunyoosha kidole juu: kimya. Gitaa likaanza. Kisha mtu akaanza kuongea. Akaongea, akaongea. Nikamaliza masinia, nikahamia kwenye masufuria, yeye bado anaongea na gitaa lile lile linazunguka nyuma yake kama pangaboi.

Nikauliza, "Huyu ataimba saa ngapi?"

Mzee akacheka mpaka akakohoa.

Ndivyo nilivyokutana na wimbo wa Arlo Guthrie wa mwaka 1967, "Alice's Restaurant Massacree", unaozidi dakika 18 na ambao vituo vingi vya redio vya Marekani huupiga kila Thanksgiving. Ni hadithi ya kuchekesha inayoishia kwenye kuipinga vita ya Vietnam. Nimeusikiliza tangu hapo kila mwaka, na naupenda. Lakini kadiri ninavyousikiliza ndivyo ninavyozidi kujiuliza kuhusu huyo Alice, mwenye mgahawa, ambaye jina lake liko kwenye kichwa cha wimbo na kwenye kiitikio, ila ukimtafuta ndani ya hadithi yenyewe humpati zaidi ya mara mbili tatu.

Mwanzoni kabisa Guthrie anahangaika kuwaeleza wasikilizaji kwamba mgahawa hauitwi "Alice's Restaurant", yaani Mgahawa wa Alice, hilo ni jina la wimbo tu. Waingereza na Wamarekani hucheka hapo. Mimi sikuona cha kuchekesha, kwa sababu kwetu jambo hilo halihitaji maelezo. Shangazi yangu alikuwa na kibanda cha chakula karibu na stendi Tanga, chenye kibao na jina zuri la Kiingereza lililopakwa rangi nyekundu. Hakuna aliyelitumia. Watu walisema "twende kwa Bi Mkubwa", basi. Mgahawa wa Alice nao ulikuwa na jina rasmi, The Back Room, yaani Chumba cha Nyuma, kwa kuwa ulikuwa uchochoroni, nyuma ya duka kwenye barabara kuu ya mji mdogo wa Stockbridge, magharibi ya Massachusetts. Lakini watu walikuwa wanakwenda kwa Alice. Neno moja tu, "kwa", linamaliza kazi ambayo Guthrie anaifanya kwa sentensi kadhaa.

Alizaliwa Alice May Pelkey mwaka 1941, Brooklyn, New York. Alisoma chuo cha Sarah Lawrence, akaolewa na Ray Brock, fundi wa mbao na mchoraji wa majengo, na wakahamia upande wa Stockbridge. Yeye akawa mkutubi kwenye shule ya bweni, mume akifundisha ufundi hapo hapo. Arlo Guthrie, mtoto wa Woody Guthrie aliyekuwa tayari gwiji wa nyimbo za kiasili, alikuwa mmoja wa wanafunzi. Mwaka 1964, kwa fedha za mama yake Alice, wakanunua jengo la kanisa lililokuwa limeacha kutumika, huko Great Barrington, wakaligeuza nyumba. Na nyumba ile ikageuka kituo cha vijana: mwenye gitaa, aliyekosana na wazazi, asiye na pa kulala, wote wakafikia pale.

Mtu aliyewahi kuishi kwenye nyumba ya namna hiyo anajua kwamba nyuma ya uhuru wote ule kuna mtu mmoja anayejua mchele umebaki kiasi gani.

Thanksgiving ya 1965 Alice alipika chakula cha watu wengi pale kanisani. Nasisitiza: kanisani. Mgahawa haukuwepo. Aliufungua mwaka uliofuata, 1966, na ulidumu takriban mwaka mmoja tu. Kwa hiyo mgahawa maarufu kuliko yote katika muziki wa kiasili wa Marekani hauhusiki hata kidogo na kisa kinachosimuliwa kwenye wimbo wake.

Kisa chenyewe kinajulikana. Guthrie, aliyekuwa na miaka 18, na rafiki yake Rick Robbins walijitolea kubeba taka zilizokuwa zimerundikana pale nyumbani. Wakazipakia kwenye kibasi cha Volkswagen, wakaenda dampo, wakakuta limefungwa kwa sikukuu. Wakazimwaga bondeni kando ya barabara. Mkuu wa polisi wa Stockbridge, William Obanhein, anayeitwa Obie kwenye wimbo, akawasaka na kuwatia ndani. Alice akaenda kuwatoa kwa dhamana. Wakafika mbele ya hakimu kipofu, James Hannon, wakatozwa faini ya dola 25 kila mmoja, ambayo wimbo umeipandisha ikawa 50, na kuamriwa wakaziokote taka zao. Kutoka hapo wimbo unahamia New York, kwenye jengo ambako vijana walikaguliwa kabla ya kupelekwa jeshini kwa lazima. Kosa lile la kutupa taka linakuwa swali: je, mtu aliyetupa taka ana maadili ya kutosha kwenda kuchoma vijiji? Hapo ndipo wimbo unapouma, na mimi ndipo huacha kuosha.

Sasa mhesabu Alice. Anapika. Anatoa dhamana, na kwa mujibu wa wimbo anamtupia Obie maneno makali. Basi. Kwa dakika zilizobaki jukwaa ni la wanaume: kijana, polisi, hakimu, madaktari wa jeshi. Alice anabaki kwenye kiitikio, kile kinachosema kwamba mgahawani kwake utapata chochote unachotaka. Kiitikio hicho kilikuwa kama tangazo la biashara, na Alice mwenyewe alieleza kwamba nusu ya wimbo ilitungwa pamoja wakiwa wamekaa baada ya chakula, na ile sehemu ya jeshi Arlo akaitunga mwenyewe. Nikisoma hilo najiuliza nani aliinuka kutoa sahani wakati nusu hiyo inatungwa.

Msinielewe vibaya. Guthrie hakumdharau, na hadi mwisho walikuwa marafiki. Tatizo langu kubwa ni filamu.

Mwaka 1969 Arthur Penn alitengeneza filamu kutokana na wimbo. Humo Guthrie aliigiza kama Guthrie. Obanhein aliigiza kama Obanhein; alisema kama kuna mtu lazima aonekane mjinga basi afadhali awe yeye mwenyewe, na hapo namvulia kofia. Hakimu Hannon, kipofu vile vile, aliigiza kama hakimu Hannon. Alice aliigizwa na Pat Quinn. Alice wa kweli alipewa kupita pita kwenye matukio machache kama mtu wa pembeni, akimtazama mwanamke mwingine akiwa yeye. Na huyo mwanamke mwingine aliandikiwa mapenzi na wavulana waliokuwa wageni wake, jambo ambalo Alice alilikana maisha yake yote na lililomuumiza. Polisi aliyewakamata vijana alilinda heshima yake kwa kuivaa mwenyewe. Aliyewalisha na kuwatoa ndani akatungiwa aibu.

Kuna watu huniambia hapa nakuza mambo. Bila wimbo, wanasema, nani angemjua mama mmoja aliyepika supu uchochoroni mwaka mmoja? Kweli. Lakini kujulikana si zawadi kila mara. Ndoa yake na Ray ilikuwa imevunjika kufikia 1968. Filamu ilipotoka mgahawa ulishafungwa, yeye ana miaka 28, na watu wasiomjua wanagonga mlango wakimtaka Alice wa kwenye sinema. Shangazi aliwahi kuibiwa masufuria, akakopwa na madereva ambao hawakurudi, lakini hakuna aliyewahi kumwibia "Bi Mkubwa" akaenda kumtumia mjini kwingine.

Alichokifanya baada ya hapo ndicho kinachonifanya nimpende. Mwaka ule ule wa filamu, 1969, alitoa kitabu cha mapishi chenye jina lile la kwenye wimbo. Kama jina linauzwa, basi na mwenyewe aliuze. Na kitabu si cha masihara. Anamtoa mpishi hofu, anamwambia asitetemeke mbele ya vipimo. Kinachokumbukwa zaidi ni maelezo yake ya upishi wa dunia nzima: nyanya na oregano hufanya chakula kiwe cha Kiitaliano, mvinyo na taragoni kiwe cha Kifaransa, limau na mdalasini kiwe cha Kigiriki, mchuzi wa soya kiwe cha Kichina, na kitunguu saumu hufanya kiwe kitamu. Angepita Tanga angeongeza tui la nazi, na mstari wa kitunguu saumu ungekuwa na mshindani.

Akarudi tena kwenye biashara ya chakula. Alikuwa na sehemu ya kuuza chakula cha kuondoka nacho huko Housatonic, na baadaye mgahawa mkubwa Lenox, karibu na Tanglewood, uwanja mashuhuri wa muziki. Wanaosema Alice alikuwa "mwenye mgahawa" wanauwaza ule mdogo wa uchochoroni. Kazi nzito ya kweli, ya mishahara na bili na wateja wanaolalamika, ilikuwa kwenye hiyo mingine ambayo haikuimbwa.

Kisha akaacha. Mwaka 1979 alihamia Provincetown, mji wa wavuvi na wasanii kwenye ncha ya rasi ya Cape Cod, akawa mchoraji. Nilikwenda huko kiangazi kimoja, miaka kadhaa iliyopita, si kwa ajili yake. Nilikuwa na wageni kutoka nyumbani waliotaka kuona bahari, kana kwamba wameikosa Tanga. Alice alijulikana pale kwa kuchora juu ya mawe ya ufukweni. Jiwe la kawaida, lililolainishwa na mawimbi, dogo la kutosha kwenye kiganja, na juu yake mistari michache. Alichora pia picha za kitabu cha watoto ambacho maneno yake yaliandikwa na Arlo Guthrie, kuhusu mnyama aina ya moose anayetembea usiku. Safari hiyo majina yote mawili yakakaa kwenye jalada, kila mmoja kwa kazi aliyoifanya.

Uzeeni hali yake haikuwa nzuri, kiafya wala kifedha, na mwaka 2020 marafiki walimfanyia mchango mtandaoni. Nyimbo hulipa watunzi. Sijawahi kusikia kiitikio kikimlipa aliyetajwa ndani yake. Waliochanga wengi hawakuwahi kula chakula chake. Walikuwa wameusikia wimbo. Hilo nalikubali na ninalihesabu upande wa wimbo.

Lile kanisa Guthrie alilinunua mwaka 1991, na sasa ni Guthrie Center. Kila Thanksgiving hupikwa chakula cha bure kwa yeyote anayekuja, na kuna matembezi ya kila mwaka yanayofuata njia ya zile taka, kuchangia utafiti wa ugonjwa wa Huntington uliomuua Woody Guthrie Oktoba 1967, mwezi ule ule santuri ya mwanawe ilipotoka. Kwa maoni yangu hicho chakula cha bure ndicho kumbukumbu sahihi ya Alice kuliko kiitikio chochote. Watu wanaingia, wanakaa, wanapakuliwa, hawaulizwi wametoka wapi.

Alice Brock alifariki tarehe 21 Novemba 2024, akiwa na miaka 83. Ilikuwa wiki moja kamili kabla ya Thanksgiving.

Mimi siku hizi si mwosha vyombo tena, napika, lakini Alhamisi ile tarehe 28 nilikuwa zamu. Yule mzee amestaafu. Redio ni ile ile, imepoteza antena, tumechomeka uma. Saa sita mtangazaji akasema wimbo wa mwaka huu tunampigia Alice, akamtaja kwa jina lake lote, kisha gitaa likaanza kuzunguka. Kijana mpya wa vyombo, Mkongomani, akanitazama akiwa na povu hadi kwenye viwiko.

"Kaka, huyu ataimba saa ngapi?"

Nikamwambia amalizie masinia, nikabeba mifuko miwili ya taka kwenda nje. Pipa kubwa la nyuma lilikuwa limejaa hadi kifuniko hakifungi, kwa sababu gari la taka haliji siku ya sikukuu. Nikasimama pale kwenye baridi na mifuko yangu mkononi. Niliporudi nayo ndani, Guthrie hata dampo alikuwa hajafika.