Poliesta Si ya Kila Mkono

Mwaka 1997 Gustavo Kuerten, kijana wa Brazil ambaye wengi hawakuwa wakimjua, alitwaa ubingwa wa tenisi wa French Open akitumia raketi yenye nyuzi za poliesta za Luxilon, kampuni ya Ubelgiji. Baada yake poliesta ikasambaa kwa wachezaji wa kulipwa, na siku hizi hata mtoto wa miaka 12 anafungiwa nyuzi hizo kwa sababu bingwa Rafael Nadal alizitumia. Mimi napinga jambo hili, ingawa najua wanaoitetea poliesta wana hoja.

Poliesta ni ngumu na inateleza. Mpira ukigonga raketi, nyuzi za wima zinasogea pembeni juu ya zile za mlalo, kisha zinajirudi kwa nguvu kabla mpira haujaondoka, na hapo ndipo mpira unapoongezewa mzunguko. Mchezaji anauchapa kwa nguvu zake zote na bado unatua ndani ya mstari. Isitoshe, hazikatiki ovyo. Mzazi ambaye mwanawe anakata nyuzi za nailoni kila baada ya siku chache ana haki ya kuangalia mfuko wake.

Ila mzunguko huo huupata anayezungusha raketi kwa kasi kubwa. Asiye na kasi hiyo hazisogezi nyuzi za kutosha, hivyo anabaki na ugumu wa poliesta tu, na kila pigo linapeleka mtikisiko mkononi hadi kwenye kiwiko. Kwa mifupa na misuli ya mtoto anayekua, hilo linanitia hofu kuliko pointi zozote atakazopoteza kwa kukosa mzunguko.

Hata sifa ya kudumu inahitaji kutazamwa vizuri. Poliesta hupoteza mkazo, yaani ule mvuto iliofungiwa nao, upesi, tena muda mrefu kabla ya kukatika. Wachezaji wakubwa hawaumizwi na hilo: wengi huchukua raketi nyingine iliyofungwa upya kila mipira mipya inapoletwa, yaani baada ya gemu 7 za kwanza na kisha kila gemu 9. Mchezaji wetu wa Jumamosi anakaa na nyuzi zilezile miezi sita, zimekufa zamani, naye anajivunia kwamba hazijakatika. Kuna kanuni ya zamani: ukicheza mara tatu kwa wiki, badilisha nyuzi mara tatu kwa mwaka. Kwa nailoni inatosha. Kwa poliesta haitoshi, na hapo ile nafuu ya bei inayeyuka.

Nyuzi za utumbo wa mnyama, ambazo kampuni ya Babolat ya Lyon, Ufaransa, inatengeneza tangu 1875, ni laini na zinashika mkazo kuliko zote. Bei yake ni kubwa mno, na unyevu ni adui yake, kwa hiyo Mombasa au Dar es Salaam sizipendekezi.

Bingwa Roger Federer aliweka utumbo wima na poliesta mlalo. Mwenzake Andy Murray akageuza, poliesta wima, utumbo mlalo. Wote wawili wametwaa ubingwa wa Wimbledon, kila mmoja kwa mpangilio wake. Ndiyo maana namheshimu fundi wa kufunga nyuzi anayeuliza kabla ya kuwasha mashine: unacheza mara ngapi, unakata nyuzi baada ya muda gani, mkono unauma? Majibu hayo yana faida kuliko jina la bingwa yeyote.

Anayekata nailoni mara kwa mara ajaribu kwanza iliyo nene zaidi, milimita 1.35 badala ya 1.25. Akiendelea kukata, awekewe poliesta wima na nailoni mlalo, mkazo wa poliesta ukipunguzwa kwa takriban asilimia 10: aliyezoea mkazo wa kilo 25 ashuke hadi 22 na nusu. Mtoto ambaye hajawahi kukata uzi hata mmoja hana sababu ya kufungiwa poliesta, hata akiililia. Nailoni laini ya nyuzinyuzi nyingi, kilo 21 au 22, inamtosha.