Jedwali la dalili halijui ni nani anayeumwa

Kipupwe kikiingia tu, jedwali lilelile linaanza kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Safu ya kwanza mafua ya kawaida, ya pili influenza, ya tatu UVIKO-19, na chini yake alama za vema na za kosa. Mtu anapitisha kidole: kichwa kinauma, ndiyo, chafya, hapana, basi ni influenza, kesi imekwisha. Mimi jedwali hilo silipendi, ingawa halisemi uongo.

Kuna mahali linasema kweli tupu. Influenza haipigi hodi. Asubuhi umetoka nyumbani mzima, jioni viungo vyote vinauma na unatetemeka ndani ya blanketi. Mafua ya kawaida yananyemelea: leo koo linawasha, kesho chafya na kamasi za majimaji, keshokutwa pua imeziba, na mtu mzima mara nyingi hapati homa kabisa au anapata kidogo. Anayeweza kukutajia saa aliyoanza kuumwa, mfikirie influenza kwanza. Jambo hilo peke yake lina uzito kuliko nusu ya alama za vema zilizomo.

Safu ya UVIKO ndiyo iliyochakaa. Wapo wanaosubiri mpaka washindwe kunusa vitunguu vinavyokaangwa ndipo waamini. Mwaka 2020 hiyo ilikuwa dalili nzuri, hasa pua ikiwa haijaziba. Lakini tangu Omicron, aina mpya ya virusi vya UVIKO, ilipogunduliwa kusini mwa Afrika Novemba 2021, kupoteza harufu kumepungua sana. Mgonjwa analalamika koo, kamasi na uchovu, na ukimtazama utasema ni mafua tu. Bila kipimo, hata daktari bingwa hawezi kuapa.

Halafu jedwali halina safu ya malaria, maana limetungwa na watu ambao malaria si shida yao. Homa, kichwa, mwili kuuma, baridi kali: kwa mtu wa Kigoma au Geita, kusoma dalili hizo na kuhitimisha kwamba ni influenza ni kucheza na moto. Na kikohozi hakiondoi malaria. Mtoto anaweza kuwa na vyote viwili siku moja. Mwenye homa apimwe. Kipimo cha haraka ni tone la damu na kusubiri kidogo.

Ila kinachonikera zaidi ni kusahauliwa kwa RSV, virusi vingine vya njia ya hewa. Karibu kila mtoto duniani huvipata kabla hajatimiza miaka miwili, na kwenye majedwali mengi niliyotumiwa havimo. Tuseme baba amevipata. Ana kamasi na kikohozi kidogo, anaenda kazini, anarudi, anambeba mtoto wake wa miezi miwili. Siku nne au tano baadaye mtoto naye anaanza na kamasi, kisha virusi vinashuka hadi kwenye vijia vidogo kabisa vya hewa mapafuni. Vijia vinavimba na kujaa ute. Kifua kinapiga filimbi, mtoto anaacha titi kila baada ya kuvuta mara mbili kwa sababu hawezi kunyonya na kuhema kwa wakati mmoja. Aliyezaliwa njiti anaweza hata kusita kupumua kwa muda. Virusi ni vilevile, nyumba ni ileile. Sasa alama ya vema utaiweka wapi?

Ndiyo maana nasema safu zingekuwa za watu, si za virusi. Mtoto mchanga safu yake. Mjamzito yake, maana influenza humwelemea kuliko wengine. Mzee, mwenye kisukari, mwenye selimundu, kadhalika. Kijana mzima wa afya, kwa kweli, akijua au asijue jina la virusi vyake, atapewa jibu lilelile: apumzike, anywe maji, ameze panadoli, akae mbali na watu.

Kwa mtoto, badala ya kuhesabu dalili, hesabu pumzi. Shirika la Afya Duniani lina viwango ambavyo wahudumu wa afya wa jamii hufundishwa, na hakuna sababu mama asivijue. Mtoto akiwa ametulia, halii, mtazame kifua kwa dakika nzima ukitumia saa ya simu. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni nyingi mno. Miezi 2 hadi 11, ni 50. Mwaka 1 hadi 5, ni 40. Zikifika hapo, nenda kituo cha afya. Sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani kila anapovuta hewa, akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea, usihesabu tena, kimbia.

Kamasi za kijani, kwa upande wake, hazimaanishi chochote cha kutisha. Virusi peke yake huzigeuza rangi, na vidonge vya amoksilini vya rejareja havitazirudisha. Tangawizi na ndimu sina ugomvi navyo, ila asali asipewe mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Na sufuria la kujifukizia liwe mbali na watoto. Maji ya moto yana madhara yake.

Lililobaki ni la adabu, na hapa najua nitanuniwa. Mtoto akizaliwa tunafurika kumwona, kila mmoja anataka kumpakata na kumbusu, mwenye kikohozi akiwemo, na mama mzazi anaona aibu kumkatalia shangazi wa mumewe. Basi asiachiwe yeye kazi hiyo. Mwenye mafua apige simu, atume zawadi kwa mtu mwingine, aje akishapona.