Yeni ianguke Tokyo, hasara niile mimi wa Makorora

Jamani hivi mimi na Japani tulikosana wapi? Niko zangu hapa Makorora, Tanga, nauza gari, Toyota IST, niliiagiza huko kwao mwanzoni mwa 2021, yeni moja ilikuwa inacheza kwenye shilingi 22 hivi. Haya, benki kuu yao ikang'ang'ania riba chini ya sifuri mpaka Machi 2024, Marekani nao wanapandisha ya kwao tu hadi ikavuka asilimia 5, wenye hela zao wakaikimbia yeni kama wanakimbia kadi ya mchango, kufika Julai 2024 dola moja ulikuwa unapata yeni 160 na kitu, haikuwahi kuwa hivyo tangu 1986. Shilingi yetu nayo ilishuka, tusidanganyane, ila yeni iliporomoka zaidi, ikawa kwenye shilingi 16 na ushee. Yaani gari ya yeni laki tano iliyokuwa milioni 11, ikawa milioni 8 na kidogo, kabla ya meli na ushuru. Ile ile! Tena kali kuliko yangu!

Sasa njoo uone wateja. Zamani mtu anafungua boneti, hata hajui anaangalia nini, anatoa hela. Siku hizi anakuja na simu mkononi, "kaka yeni bado inashuka hii, ngoja nivute subira". Anavuta! Na mwenzie anavuta, wote wamejaa barazani na kahawa na kashata wanavuta subira, mimi nikipunguza laki tano ndo wanazidi kutulia maana wameona kumbe kweli inashuka. Fundi wangu wa rangi hana kazi kashusha bei, dogo wake kapunguziwa posho, dogo kaacha kula chipsi mayai, mama wa chipsi naye kapunguza bei ya sahani. Yeni hiyo, imetoka Tokyo imeingia kwenye karai la Makorora!

Eti bei zikishuka ni nafuu kwa mwananchi. Nafuu ipi, wakati kinachoshuka ni kile ninachouza mimi? Mkopo wa kikoba haujui yeni wala nini, ulivyoandikwa ndo ulivyo, gari inapungua deni limesimama pale pale linanitazama.

Jana kaja mzee mmoja, shikamoo marahaba, kaizunguka gari, kakaa ndani, kapiga honi, kaisifia mpaka nikaanza kutafuta kadi ya gari. Akashuka taratibu akaniuliza, "Mwanangu, hii uliyonitajia ni bei ya leo au ya wiki ijayo?"