Kitasa

Jamani mimi na shemeji yangu aliyeko Winnipeg, Kanada, tutakosana. Kila Januari anatuma voisi kwenye grupu la familia, anahema utadhani kakimbizwa na kiboko, eti mlango wa gari umeganda, kazini haendi, na mama mkwe huku Nyegezi anaanza "maskini mwanangu", maombi yanapangwa. Mimi kitasa changu kimekataa tangu vuli, hapahapa Mwanza, jua hili, na hakuna hata mtu mmoja aliyeniombea!

Anasema huko nyuzi 30 chini ya sifuri ni kawaida, maji yakiingia kwenye tundu la funguo yanakuwa barafu, mpira wa mlango nao unanata kwenye bodi, ukivuta kwa hasira unaung'oa. Nikamwambia si umwagie maji ya moto? Akanijia juu, wee, kioo kitapasuka na hayo maji yenyewe yataganda tena. Wao wanapuliza dawa ya spiriti tunduni, wanausukuma mlango kwa bega barafu ivunjike, ndio wanavuta. Kumbe dawa ipo, tena inauzwa dukani, sasa kilio cha nini?

Mimi dawa yangu ni fundi wa Mabatini. Alijaza grisi kwenye kitasa, grisi ikakamata vumbi, vumbi likaganda humohumo, funguo haiingii hata nusu. Basi naingilia kwa abiria, navuka gia, suruali inanasa kwenye handibreki, na watu wanaangalia (watu wa hapa hawanaga haraka kukiwa na cha kuangalia).

Juzi Mwaloni Kirumba ndio nikakoma. Nimenunua kiroba cha dagaa, kijana wa mkokoteni kwa heshima zote kakibwaga siti ya mbele, kafunga mlango kwa nguvu, nao ukagoma. Ikabidi nipitie buti, kichwa kwanza, miguu iko nje inarusha mateke, nasikia mama mmoja anauliza "huyo ni mwenye gari kweli?" Bodaboda wakaanza kusogea. Nikapiga kelele mwenyewe humo ndani, ni langu, kadi iko kwenye dashibodi!

Na hao dagaa wala sio wangu. Ni wa shemeji, kuna mtu anasafiri wiki ijayo. Kasisitiza wasiwe na mchanga.