Havuti, hanywi, basi?

Juzi kwenye raundi mwanafunzi wa mwaka wa tano alitusomea faili ya mgonjwa wa kifua kikuu aliyerudi wodini baada ya kuacha dawa katikati. Alisoma vizuri: kikohozi, jasho la usiku, kilo alizopungua, picha ya kifua, majibu ya makohozi. Alipofika kwenye historia ya kijamii, yaani maisha ya mgonjwa nje ya hospitali, akasema, "Ameoa, ana watoto wawili, havuti sigara, hanywi pombe." Daktari bingwa akaitikia kwa kichwa, akauliza dozi ya rifampisini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, raundi ikasonga kitanda cha pili. Sababu ya kuacha dawa ikaandikwa kwamba mgonjwa ni mkaidi. Nilikasirika, na hasira hiyo bado ninayo.

Mimi ni muuguzi. Wakati wa dawa za jioni ndipo napata nafasi ya kuzungumza na wagonjwa, na huyu hakuhitaji kubembelezwa. "Sista, nisipokuwa getini saa kumi na mbili asubuhi, kazi ya siku hiyo imeenda. Na kliniki yenu inafunguliwa saa mbili." Anaishi Mukuru, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, na kuishi kwake ni vibarua vya viwandani. Kila alfajiri wanajipanga nje ya geti, msimamizi anatoka na kuchagua kwa kidole. Siku ya kufuata dawa ni siku ya kurudi nyumbani mikono mitupu. Mwanzoni alivumilia. Kikohozi kilipopungua na nguvu kumrudia, akaona afadhali watoto wale. Akaongeza jambo ambalo wauguzi wa kliniki za kifua kikuu hapa Nairobi tumelisikia mara nyingi: ukimeza vidonge hivi bila kitu tumboni vinakuchafua roho, na ukianza kupona vinaamsha njaa ambayo huna cha kuituliza.

Hiyo ndiyo historia ya kijamii, na inaingia moja kwa moja kwenye matibabu. Ukishaijua, utamtafutia kituo kilicho karibu na kazi yake, au utapanga achukue dawa za muda mrefu zaidi kwa safari moja, au utamwomba jirani anayemwamini awe ndiye wa kumwangalia akimeza. Utauliza pia kuhusu wale wanaolala naye katika chumba cha mabati cha futi 10 kwa 10 kisicho na dirisha, maana hewa yao ni moja, na watoto wadogo ndio huumia zaidi. Usipouliza, utamwanzishia dawa na kumrudisha kwa geti lile lile na kliniki ile ile, na safari nyingine huenda akaja na vijidudu sugu. Dawa hizi ni bure katika vituo vya umma na matibabu ya kawaida ni miezi 6. Lakini nauli si bure, chakula si bure, na siku ya kazi iliyopotea hakuna anayeilipa.

Sisemi wanafunzi hawafundishwi. Wanafundishwa. Watakutajia azimio la Alma-Ata la 1978 kuhusu huduma za afya ya msingi, na ripoti ya 2008 ya tume ya Shirika la Afya Duniani iliyoongozwa na Michael Marmot, kuhusu jinsi hali za maisha zinavyoamua afya ya watu. Wengine wanajua kwamba mwaka 1848 daktari Mjerumani Rudolf Virchow alitumwa Silesia, jimbo la Prussia wakati huo, kuchunguza mlipuko wa homa ya taifasi, akarudi akidai elimu, uhuru na maisha bora kwa watu wa huko. Wanayajua yote hayo, wanayaandika kwenye karatasi ya mtihani, mwaka unapita, wanaingia wodini na kuyaacha mlangoni. Mwanafunzi husoma anachoulizwa na bingwa mbele ya kitanda, na hukariri kinachompa alama. Sijawahi kusikia mwanafunzi ameanguka mtihani wa wodini kwa kutojua mgonjwa wake anateka maji wapi.

Basi ninachotaka ni alama. Mwanafunzi aulizwe mgonjwa analala wapi na nani, anapikia nini, mtungi wa maji ananunua shilingi ngapi, analipwa kwa siku au kwa mwezi, nauli ya kuja hapa kaitoa wapi. Kisha aulizwe swali lililo gumu zaidi: majibu hayo yamebadilisha nini katika mpango wako wa matibabu? Akikosa kujibu hapo, aanguke, kama ambavyo angeanguka kwa kukosea dozi. Tunawapa wagonjwa wa kisukari insulini ya kuwekwa kwenye friji bila kuuliza kama nyumbani kuna stima. Mtoto analazwa kwa kifua mara kwa mara na hakuna anayetaja jiko la makaa.

Naambiwa hakuna muda. Foleni ni ndefu, nakubali, na madaktari wanafunzi wetu wamechoka hadi wanasinzia wakiandika. Nakubali pia kwamba daktari hawezi kuwajengea watu wa Mukuru nyumba. Lakini yote niliyowaeleza kuhusu mgonjwa yule niliyapata wakati akimeza vidonge vyake. Na Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, imeweka matibabu, makazi, usafi, chakula na maji safi pamoja kama haki za kila mtu. Waliotunga sheria hawakuona kwamba mambo hayo yanatenganishika.

Tunapo pa kuanzia. Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret kina desturi ya miaka mingi ya kupeleka wanafunzi wake wa udaktari wakajifunze katika jamii. Hapa Nairobi tuna wahudumu wa afya ya jamii wanaoingia nyumba kwa nyumba Mathare, Korogocho na Kibera, wanaojua ni ploti gani choo kimefurika na ni mama gani amefukuzwa na mwenye nyumba. Mwanafunzi apewe mmoja wao wa kutembea naye muhula mzima, kwenye matope na ngazi za giza, asikilize anavyoulizia habari za nyumba bila kumwaibisha mtu. Mhudumu huyo alipwe kama mwalimu mwingine yeyote, na mwanafunzi asiruhusiwe kufanya mtihani wa mwisho kabla hajapata sahihi yake.